Miche ya mchicha bustani ya shule inakatwa usiku, na wanafunzi wameokota viumbe wa kila aina. Mwenye kosa ni nani?

#1 MwalimuMoro
Habari zenu wakuu. Nafundisha Sayansi darasa la tano, shule ya msingi hapa Morogoro. Tuna bustani ndogo nyuma ya madarasa, matuta sita: mchicha mawili, chainizi mawili, nyanya moja, bilinganya moja. Jumatatu asubuhi tumekuta miche 11 ya mchicha imelala chini. Imekatwa usawa wa udongo, majani yenyewe hayajaguswa. Chainizi nayo ina matobo.

Kamati ya wazazi wanataka ipigwe sumu tuta zote. Nimeomba wiki moja, wamekubali shingo upande. Sipingi dawa, ila watoto ndio wanapalilia pale kwa mikono mitupu, na nikimuuliza mtu yeyote dawa hiyo inamuua nani, hana jibu.

Tumefukia chupa za maji za lita moja na nusu, tumekata juu, mdomo usawa wa udongo, kila moja imefunikwa na kipande cha kigae kilichoinuliwa kwa vijiwe. Jumanne asubuhi tumekuta: jongoo mweusi mrefu kuliko penseli mpya (watoto wamembatiza SGR), buibui wawili wanaokimbia, sisimizi wengi, mbawakawa weusi, na vidudu vya kijivu ambavyo ukivigusa vinajikunja kama gololi. Chini ya mfuko wa saruji uliooza tumepata koa watatu na konokono mmoja wa gamba. Kwenye jani la bilinganya kuna mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi.

Maswali mawili. Nani anakata miche? Na huyo gololi ni nani? Binti mmoja amemhesabu miguu mara mbili, kapata 14. Kwenye kitabu tuna wadudu miguu 6 na buibui 8, basi.

#2 Kibamia
Weka picha mkuu, uzi wa wadudu bila picha ni kama ugali mkavu.

#3 BwanaShambaMstaafu
Mwalimu, hiyo ni sota, wala usihangaike. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, mchana anajificha ardhini sentimita mbili tatu hivi, usiku anatoka kukata. Ndiyo maana majani yapo salama, yeye kazi yake ni shingo ya mche. Nenda kwenye mche ulioanguka leo, si wa juzi, fukua kwa kijiti kuuzunguka. Ukimpata utamjua, ukimgusa anajikunja kama herufi C. Nimefanya kazi ya ugani miaka 31, hii picha nimeiona mara nyingi.

#4 mama_nyanya
Shikamoo mzee #3. Sikatai sota yupo, lakini koa watatu chini ya mfuko mmoja mnawaacha hivihivi? Mimi bustani yangu ya Mbezi koa wamenimalizia miche ya figiri usiku mmoja. Mwalimu, asubuhi na mapema angalia kama kuna mstari unaong'aa kama ute mkavu. Ukiuona, kesi imeisha.

#5 BwanaShambaMstaafu
Marahaba mama. Koa anatafuna, hakati. Akila mche mdogo anauacha na kingo za kuchanika, au anaumaliza wote. Mwalimu kasema umekatwa na majani yapo. Matobo ya chainizi hayo nakupa wewe, koa anahusika.

#6 Mswahilina
Huyo gololi ni mtoto wa jongoo, mbona rahisi. Akikua anakuwa mrefu, anajikunja duara kama mkeka badala ya gololi.

#7 kaka_wa_Maabara
Hapana #6. Mtoto wa jongoo anaanguliwa na jozi tatu tu za miguu, halafu kila akijivua ngozi anaongezewa pingili na miguu mingine. Na jongoo ukimtazama vizuri, pingili nyingi zina jozi mbili za miguu kila moja. Mwambie yule binti asihesabu tu, aangalie miguu inatokaje: kama kila pingili ina jozi moja na jumla ni 14, huyo si jongoo na wala si mdudu. Ni krasteshia, ukoo mmoja na kaa na kamba.

#8 Kibamia
Kamba kwenye bustani ya mchicha Morogoro? Mkuu, leta na wali basi.

#9 kaka_wa_Maabara
Ndugu yangu Kibamia, ndiyo hivyo. Anapumua kwa viungo vilivyo kama matamvua, vipo chini ya tumbo upande wa nyuma, na lazima viwe na unyevu. Ndiyo maana humkuti juani, yupo chini ya jiwe, gogo na majani yenye unyevu yaliyooza. Ukimwacha kwenye kopo kavu mezani mchana mzima anakufa. Mwalimu, weka kitambaa kilicholowa.

#10 mpemba_halisi
Assalaam alaykum. Huku kwetu tunaye jongoo mweusi wa miguu myekundu, mzuri kumtazama, kila skuli yenye miembe anaonekana mvua zikianza. Tulikuwa tukimchezea utotoni. Lakini chungeni, akibanwa hutoa maji ya manjano yenye harufu kali, yakikauka mkononi yanaacha doa la hudhurungi siku kadhaa. Mtoto akijipangusa nayo jicho, hapo ni kilio. Mimi yalinipata nikiwa na miaka minane, jicho lilivimba nikakosa chuo siku tatu.

#11 MwalimuMoro
Ahsante sana #10, hilo la macho nimeshalisema darasani leo. Wameosha mikono kwa sabuni mara mbili.

Majibu ya haraka. Ute unaong'aa: upo kwenye tuta za chainizi, tuta za mchicha sijauona. Nimefukua miche minne iliyoanguka leo (ndiyo, imeanguka mingine minne). Kwenye mmoja tumepata kiwavi wa kijivu, kajikunja C kama alivyosema mzee. Kwenye mitatu hamna kitu.

Kuhusu gololi kuna kesi mpya. Mvulana mmoja kahesabu yule mdogo kabisa akapata miguu 12. Binti kasema 14. Wamegombana mpaka kengele ya chai.

#12 BwanaShambaMstaafu
Nilisema.

#13 kaka_wa_Maabara
Mwalimu, wote wawili wapo sahihi, tafadhali waambie kesho asubuhi kabla hawajaamua mmoja ni mwongo! Mama wa huyu kiumbe anabeba mayai kwenye kifuko chini ya tumbo, na wadogo wanapotoka wana jozi sita. Jozi ya saba inakuja baadaye. Huyo mvulana kaona kitu ambacho watu wazima wengi hawajawahi kukiona.

#14 mama_nyanya
Mzee #12 usishangilie mapema, sota mmoja kwa miche minne. Mitatu imekatwa na nani?

#15 MkulimaKilolo
Nyenje. Naye anakata, na anavuta mche mpaka mlangoni kwa shimo lake. Kuna milio usiku hapo bustanini? Tafuta vishimo vya kipenyo cha kidole kidogo vyenye udongo mpya mdomoni. Ukikuta jani limeingizwa nusu, umempata.

#16 Sifuri_Kosa
Jongoo mnamwachaje? SGR mzima amekamatwa eneo la tukio. Ana miguu elfu moja, unategemea ale upepo?

#17 kaka_wa_Maabara
#16 miguu elfu ni maneno ya mtaani. Wengi wana makumi kadhaa hadi mamia tu. Jongoo wa kwanza kuthibitishwa kuvuka elfu alielezwa mwaka 2021, katoka Australia, chini ya ardhi, miguu 1,306, na ni mwembamba kama uzi. Na tandu naye hana mia. Jozi zake siku zote ni namba witiri, kuanzia 15 mpaka 191. Miguu 100 ingekuwa jozi 50, na 50 ni shufwa, kwa hiyo tandu wa miguu mia kamili hayupo.

#18 Sifuri_Kosa
Hesabu imenikaa vizuri. Natoa miguu elfu, nabaki na shutuma.

#19 BwanaShambaMstaafu
Jongoo chakula chake kikubwa ni kilichooza: majani, magome, samadi. Anakisaga kinakuwa udongo, kwa hiyo ni mfanyakazi wa bustani. Lakini sitamtetea hadi mwisho. Wakulima wa viazi vitamu na karanga wanamlalamikia kwa haki, anatoboa viazi na kula mbegu inayochipua. Mche uliokatwa usawa wa ardhi kwa usafi namna hiyo, si kawaida yake.

#20 Nshomile_Asili
Naona hakuna aliyewataja senene. Msimu ukifika Bukoba hatuulizi nani kakata nini, tunawasha taa, tunakinga, tunakaanga. Mwalimu hamishia shule huku.

#21 kaka_wa_Maabara
Nshomile karibu, ila senene anapenda manyasi na nafaka, kwenye mchicha hana kesi. Na kwa faida ya watoto: senene na panzi si kitu kimoja. Senene ana papasi ndefu nyembamba kama nywele, nyingine zinapita urefu wa mwili wake. Panzi wa kawaida papasi zake fupi.

#22 mpemba_halisi
Vipapasio ndugu yangu. Papasi ni yule kupe wa kwenye nyumba za udongo anayeleta homa. Ukimwambia mtoto senene ana papasi ndefu, bibi yake atachoma nyumba.

#23 kaka_wa_Maabara
Sawa kabisa, vipapasio. Nimekosea, nashukuru.

#24 Nshomile_Asili
Hata huyo mwenye vipapasio sisi tunakaanga.

#25 WaKiambu
Hapa Kenya pia tuna hii shida kwa sukuma wiki. Kitu nimejifunza: wale wekundu wenye madoa wachungulie sana. Wengi ni marafiki, wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Mtoto wao hafanani nao hata kidogo, anakaa kama mamba mdogo mweusi mwenye alama za machungwa, na shambani kwetu watu walikuwa wanamponda wakidhani ni adui. Mimi niliwaponda msimu mzima. Vidukari wakajaa hadi majani yakajikunja.

#26 mama_nyanya
WaKiambu umenena, lakini mwalimu kasema wapo kwenye bilinganya. Kuna ndugu yao anayekula majani ya bilinganya, nyanya chungu na maboga. Mgongo wake haung'ai, una vinyweleo vifupi, unaonekana kama umepauka. Anakwangua jani linabaki kama wavu. Mwalimu, anang'aa au amepauka?

#27 MwalimuMoro
Mama, nimekwenda na lenzi sasa hivi, watoto wakiwa mapumziko. Wapo wa aina mbili! Juu ya shina penye vidukari wapo wanaong'aa kama rangi ya kucha. Chini ya majani mapana wapo waliopauka, wana vinyweleo, na jani limebaki mishipa tu. Wiki nzima nimewaita jina moja.

Hili limenigusa. Kama ningepiga sumu Jumatatu ningewaua wote na nisingejua.

#28 Kibamia
Mwalimu leo sitanii. Endelea.

#29 dada_Tengeru
Nimesoma kuanzia #1. Hakuna aliyetaja kinyausi. Miche michanga, tuta lenye unyevu, mbegu zimemwagwa zikabanana: shina linalegea usawa wa udongo, linakuwa jembamba kama uzi na la majimaji, mche unalala. Majani yapo mazima. Ni ugonjwa wa ukungu wa udongoni, hakuna meno yaliyopita hapo. Mwalimu, hiyo mitatu isiyo na sota, shina limekatwa au limenyong'onyea?

#30 BwanaShambaMstaafu
Swali zuri sana hilo, ingawa kinyausi huanzia sehemu moja kisha kinatambaa, unaona duara la miche iliyolala. Mwalimu, iliyoanguka imetawanyika au ipo pamoja?

#31 MwalimuMoro
Mzee, imetawanyika tuta la kwanza. Tuta la pili ipo sehemu moja, karibu na tangi linalovuja. Sikuwaza kuyatenganisha.

#32 MlinziWaUsiku
Mimi nimewahi kulinda shule. Kuku wa nyumba za walimu saa kumi na mbili asubuhi wapo bustanini kabla hata kengele. Wanafukua, wanadonoa, miche inalala. Mnasingizia wadudu.

#33 MwalimuMoro
Kuku wapo. Ni wa mwalimu mwenzangu, nitaliongea kwa upole.

#34 Sifuri_Kosa
Sasa washtakiwa: sota, koa, nyenje, ukungu, kuku. Jongoo kaachiwa kwa dhamana.

#35 mpemba_halisi
Konokono wa gamba hamjamtaja. Huyu mkubwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki amesambaa dunia nzima, na wenzetu wamemlipia. Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii na konokono watatu akaingia nao Miami, bibi yake akawaachia bustanini. Kuwamaliza kulichukua karibu miaka kumi, wakaokota zaidi ya 18,000, na gharama ilipita dola milioni moja. Kila mmoja ni dume na jike, anataga mayai kwa mamia. Mwalimu, watoto wasimshike na kula bila kunawa, maana anaweza kubeba minyoo inayodhuru ubongo. Hapa kwetu anao maadui zake wa asili, lakini mkono ni mkono.

#36 WaKiambu
Hilo la kunawa pia kwa wale weusi na machungwa, wembamba kama punje ya mchele, nzi wa Nairobi. Jina ni nzi lakini ni mbawakawa. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi ndio maji yake yanachoma, na kidonda kinakuja kesho yake. Ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 walijaa hadi kwa vitanda. Akitua kwako mpulize, usimpige.

#37 Mswahilina
Mimi nina swali dogo. Nyungunyungu wakikatwa na jembe wanakuwa wawili, kweli? Tulifundishwa hivyo.

#38 kaka_wa_Maabara
Si kweli. Kipande chenye kichwa kinaweza kupona kama kimebaki kirefu cha kutosha. Cha mkia kinajinyonganyonga kisha kinakufa. Waambie wapalilie taratibu.

#39 mama_nyanya
Mwalimu, mchana hutapata jibu. Nenda usiku na tochi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na koa kama unataka kuwahesabu bila kuwatafuta, fukia kikombe chenye maji, unga wa ngano na hamira kidogo, wanafuata harufu. Wengine wanatumia bia, ila shuleni usithubutu.

#40 MwalimuMoro
Naenda leo. Mlinzi wetu na wazazi wawili wa kamati wamekubali kunisindikiza, mmoja ndiye aliyekuwa anataka dawa kuliko wote.

#41 Nshomile_Asili
Chukua na sufuria.

#42 MwalimuMoro
Nimerudi. Tumeanza saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne.

Chainizi: koa tisa, nimewahesabu kwa kidole. Nilimtazama mmoja dakika nzima, ukiinamisha sikio karibu kabisa unamsikia akikwangua jani, kama mtu anayekuna kwa kucha kitambaa kigumu. Mchicha tuta la kwanza: sota wawili, mmoja tumemkuta na shina mdomoni. Amejizungusha kwenye mche kama mtu anayekwea mnazi, anakata upande huu, anazunguka, anakata upande wa pili, mche ukaegemea kidogokidogo ukaanguka. Yule mzazi wa dawa alipiga magoti kwenye tope na suruali ya kazini, akaniomba tochi.

Nyenje tumesikia, shimo tumeliona, jani mlangoni hakuna. SGR tumemkuta kwenye ganda la mgomba linalooza, anakula kwa utulivu, ametuacha tumwangalie. Tuta la pili hakuna kiumbe hata mmoja, ila miche miwili imelala, shina jembamba lina majimaji.

#43 BwanaShambaMstaafu
Hongera sana mwalimu. Sota basi.

#44 dada_Tengeru
Tuta la pili ni kinyausi mzee wangu, soma mwisho wa #42. Mwalimu, punguza msongamano wa miche, ziba tangi, mwagilia asubuhi badala ya jioni.

#45 MkulimaKilolo
Usiku mmoja haumwachii nyenje huru. Mvua ikinyesha atatoka, rudi tena.

#46 BwanaShambaMstaafu
Dada #44, sota hupenda unyevu pia. Kutomwona usiku mmoja si ushahidi kwamba hayupo. Ila kuhusu tangi nakuunga mkono.

#47 MlinziWaUsiku
Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwepo? Kuku je?

#48 MwalimuMoro
Sikuwepo. Kesho nitakuwepo.

Kamati wameniongezea wiki mbili. Sota tutawafukua kwa mkono kila asubuhi kabla ya namba, kila kundi tuta lake, wanaandika kwenye daftari wamepata wangapi. Koa tutaweka kile kikombe cha mama #39. Ndugu #9, gololi amehamia kwenye boksi lenye majani yaliyooza na kitambaa kilicholowa. Leo saa tano yule binti aliniita. Mmoja amejivua ngozi nusu ya nyuma tu, ya mbele bado anayo, nusu nyeupe nusu ya kijivu. Anauliza kwa nini havui yote kwa mkupuo.